Maswali ya Wanafunzi wa Uuguzi Kuhusu Kutoa Dawa na Kuchoma Sindano kwa Usalama

Maswali haya ni ya wanafunzi wa uuguzi na ukunga wanaokuja wodini kwa mafunzo ya vitendo. Mengine huulizwa kwa sauti siku ya kwanza. Mengine huulizwa kwa kunong'ona wiki ya tatu, mwanafunzi akishaona jambo lililomtisha. Majibu yanafuata miongozo ya Shirika la Afya Duniani na utaratibu wa wodi za Tanzania. Kama mwongozo wa kituo chako unasema tofauti, fuata wa kituo chako, kisha muulize msimamizi sababu.

Utaona kwamba karibu nusu ya ukurasa inapita kabla hatujagusa ngozi ya mtu. Nimefanya hivyo makusudi. Katika miaka yangu ya kusimamia wanafunzi, makosa mengi niliyoyashuhudia yalikuwa yameshatendeka kwenye trei, kabla ya kufika kitandani.

## Kabla ya kubeba trei

1. Tunafundishwa "mambo sahihi" matano, wengine sita, wengine kumi. Tushike yapi?

Shika sita: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi na kumbukumbu sahihi. Orodha ndefu zinaongeza sababu ya dawa, haki ya mgonjwa kukataa, kumweleza, na kufuatilia matokeo. Hayo nayo ni ya lazima, na mtahini akitaka kumi mpe kumi. Lakini kitandani, kila moja kati ya yale sita linataka tendo: kuuliza jina, kusoma lebo, kupiga hesabu, kuandika. Kulikariri tu hakumlindi mgonjwa.

2. Mgonjwa hana bangili ya jina. Nitajuaje kuwa ndiye?

Mwache ajitaje mwenyewe: "Mama, naomba majina yako matatu." Usimtajie jina akaitikia. Bibi mwenye homa kali, au mzee asiyesikia vizuri, ataitika "naam" kwa jina lolote kwa heshima tu, nawe utaondoka ukiamini umethibitisha. Akishajitaja, linganisha na karatasi ya matibabu, kisha tafuta kitambulisho cha pili: namba ya jalada, umri, au mahali anapotoka. Namba ya kitanda si kitambulisho. Wagonjwa huhamishwa usiku, na wodi ya wazazi ikijaa, kina mama hulala wawili kitanda kimoja.

Jihadhari pia na majina ya kuitana. Wodi nzima inamwita Mama Neema, jalada limeandikwa jina lake la shule, na kitanda cha tatu yuko Mama Neema mwingine. Kwa mtoto, muulize mama au mlezi. Mapacha wabandikwe plasta yenye jina tangu wanapozaliwa, kwa sababu saa nane za usiku hata mama yao anaweza kuchanganya. Kwa asiyejitambua, tumia jalada pamoja na ndugu au muuguzi anayemfahamu.

3. Lebo nimeshaiona. Kwa nini niisome mara tatu?

Mara ya kwanza unapoitoa dawa kabatini, ya pili unapoivuta au kuihesabu, ya tatu kabla hujarudisha kichupa au kutupa ampuli. Jicho lililozoea husoma kile linachotarajia kukiona. Soma kwa sauti ndogo, maana sikio hukamata kosa ambalo jicho limelipita. Angalia jina, nguvu ya dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na hali yake: imebadilika rangi, ina chembechembe, ampuli ina ufa?

4. Mwenzangu amevuta dawa kisha ameitwa. Ananiomba nikamchomee mgonjwa. Nikubali?

Usikubali. Maji meupe ndani ya bomba yanaweza kuwa chochote. Aliyeandaa ndiye anayetoa, na anayetoa ndiye anayesaini. Kama yeye hawezi kurudi, lile bomba litupwe nawe uandae upya kwa kusoma karatasi. Akiona vibaya, mweleze kwa upole kwamba hukumkatalia yeye, umekataa bomba lisilo na jina.

5. Dawa imeletwa na ndugu kutoka duka la dawa la nje. Naitumiaje?

Hili hutokea kila siku, lakini vitabu vingi havilisemi. Linganisha alicholeta na kilichoandikwa: jina la dawa lenyewe na si la kibiashara peke yake, nguvu, umbo, tarehe, na kama kifungashio hakijafunguliwa. Ndugu aliyetumwa kuleta ya miligramu 500 huweza kuuziwa ya 250 kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Insulini na oksitosini (dawa ya kubana kizazi) muulize imesafirije: dawa ya kukaa nyuzi 2 hadi 8 iliyozunguka nusu siku mfukoni kwenye daladala ni ya kumwonyesha mfamasia kwanza.

Tumia nafasi hiyo kuuliza kwa heshima mgonjwa anakunywa nini kingine, zikiwemo dawa za miti shamba. Usimkaripie, maana ukimkaripia leo kesho ataficha.

6. Mwandiko wa daktari hausomeki. Au ameagiza kwa simu.

Usikisie, na usimuulize mwanafunzi mwenzako "hii ni nini?" mkakubaliana wawili. Mpigie aliyeandika. Agizo la mdomo ni la dharura, nalo hupokelewa na muuguzi aliyesajiliwa, si mwanafunzi: analiandika, analisoma tena kwa aliyeagiza, na daktari analisaini mapema iwezekanavyo.

Mitego ya mwandiko ni michache na inajulikana. Nukta ya desimali inapotea: ".5" inasomwa 5, "5.0" inasomwa 50. Herufi U baada ya namba ya insulini inasomwa sifuri, na yuniti 10 zinakuwa 100. Unaponakili karatasi ya matibabu, andika "0.5", andika "5" bila sifuri ya mkiani, na andika neno "yuniti" lote.

7. Nisaini kabla au baada?

Baada, papo hapo, ukiwa bado kitandani. Kusaini wodi nzima kabla ya kuanza raundi kunaokoa dakika kumi, kisha mgonjwa mmoja anakwenda eksirei na karatasi inasema amepata dawa ambayo haikumfikia. Kama hukutoa, andika sababu: amekataa, anatapika, dawa haipo, mapigo ya moyo yapo chini.

## Hesabu

8. Nitumie fomula gani?

Moja inatosha: dozi unayotaka, gawanya kwa dozi iliyopo, zidisha kwa ujazo uliopo. Kabla ya kuigusa, hakikisha pande zote ziko kwenye kipimo kimoja; gramu 1 ni miligramu 1,000, miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Ukimaliza, jiulize kama jibu lina akili. Hesabu ikikutaka uvunje ampuli nne kwa mtu mmoja, simama uhesabu upya pamoja na mtu mwingine.

9. Kwa watoto wachanga ndipo ninapochanganyikiwa. Naomba mfano.

Mtoto ana kilo 3, ameandikiwa jentamisini miligramu 5 kwa kilo. Dozi ni miligramu 15. Ampuli mkononi ina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Basi 15 ÷ 80 × 2 = mililita 0.375. Vuta kwa bomba la mililita 1, si la mililita 5, kwa kuwa bomba kubwa halina mistari ya kupima kiasi hicho.

Sasa sikia kinachoumiza watoto. Ipo jentamisini nyingine ya watoto yenye miligramu 20 ndani ya mililita 2. Kwa hiyo, dozi ile ile ni mililita 1.5. Wodi ikizoea ya watoto kwa miezi, kisha stoo ikaleta ile ya 80, mkono uliozoea kuvuta 1.5 utampa mtoto miligramu 60, mara nne ya dozi, kwenye figo na masikio ya siku mbili. Niliwahi kusimama kando ya mwanafunzi aliyekwisha kuvuta 1.5 hivyo hivyo. Nilimwomba anisomee ampuli kwa sauti. Alifika kwenye "themanini" akanyamaza. Hakuwa mzembe. Alikuwa amefuata alichokiona jana. Tangu siku hiyo nataka hesabu ya mtoto ipigwe na watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuonyeshana jibu kwanza.

Pima uzito wa mtoto leo. Uzito wa kwenye kadi ya kliniki wa miezi miwili iliyopita si uzito wake.

10. Matone ya dripu nahesabuje?

Ujazo kwa mililita, zidisha kwa idadi ya matone kwa mililita, gawanya kwa dakika. Lita moja kwa saa 8, mpira wa matone 20: 1,000 × 20 ÷ 480 = karibu matone 42 kwa dakika. Idadi ya matone imeandikwa kwenye mfuko wa mpira, isome, kwa sababu ipo ya 15 pia. Mpira wa watoto wenye matone 60 unarahisisha: mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika.

11. Insulini naweza kuvuta kwa bomba la mililita 2?

Hapana. Insulini hupimwa kwa yuniti, na ina bomba lake. Kwa insulini ya yuniti 100 kwa mililita, yuniti 8 ni mililita 0.08, kiasi ambacho bomba la kawaida haliwezi kukipima. Mabomba yake yakiisha, toa taarifa yatafutwe. Kubuni makadirio ni hatari.

Insulini ya mawingu, yaani yenye ukungu, izungushe viganjani taratibu mpaka ichanganyike, usiitikise. Ukiamriwa kuchanganya mbili, vuta ile iliyo safi kwanza, ya mawingu baadaye. Zungusha sehemu za kuchoma tumboni na mapajani, na thibitisha chakula kipo kabla ya kuchoma ile ya haraka. Usikubali "kinakuja".

## Mikono, pamba na vichupa

12. Lazima glavu kwa kila sindano?

Kwa sindano ya msuli, chini ya ngozi au ndani ya ngozi, kama ngozi ya mgonjwa ni nzima na yako pia, glavu si lazima. Kunawa mikono ni lazima. Vaa glavu unapoingia kwenye mshipa, unapotarajia damu, au mikono yako ikiwa na michubuko. Glavu moja kwa wagonjwa watano ni mbaya kuliko mikono mitupu iliyonawiwa.

13. Galipoti (kibakuli kidogo) ya pamba zilizolowekwa kwenye spiriti, ndivyo tulivyoikuta wodini. Kuna ubaya?

Upo. Kila mkono unaoingia mle unaacha wadudu, spiriti inavukiza, na jioni unapaka watu maji machafu. Shirika la Afya Duniani limekataza kuloweka pamba mapema. Chukua pamba kavu, mimina spiriti ya asilimia 60 hadi 70 wakati ule ule, futa kutoka katikati kwenda nje kwa sekunde 30, kisha acha ikauke sekunde 30 nyingine. Usipulize kwa mdomo. Kwa chanjo, ngozi iliyo safi haihitaji spiriti. Chafu ioshwe kwa maji na sabuni.

Najua mwanafunzi hawezi kumfundisha inchaji. Andaa pamba zako kavu kimya kimya. Ukiulizwa, eleza.

14. Ampuli na kichupa vinafunguliwaje bila kuharibu dawa?

Ampuli: gonga dawa ishuke, ifunge shingo kwa gozi, ivunje ukiielekeza mbali nawe. Iliyobaki haiwekwi, hata kama dawa ni adimu.

Kichupa: futa kizibo cha mpira kwa spiriti, kiache kikauke, ingiza hewa sawa na dawa utakayovuta. Usiache sindano imechomekwa kwenye kizibo ili wengine wavutie hapo hapo, maana umefungua mlango wa vijidudu kwa kila atakayetumia. Bomba jipya na sindano mpya kila unapoingia. Kubadilisha sindano na kubaki na bomba lile lile hakusaidii kitu. Damu hurudi ndani ya bomba bila kuonekana. Kichupa cha dozi nyingi kiandikwe tarehe na saa ya kufunguliwa. Chanjo ya unga iliyochanganywa, kama ya surua, hutupwa baada ya saa 6 au mwisho wa kliniki, lolote litangulie.

## Kuchoma

15. Pembe ni ngapi kwa kila njia?

Msuli ni nyuzi 90. Chini ya ngozi ni 45, au 90 kwa sindano fupi za insulini, ukiwa umeikunja ngozi kwa vidole. Ndani ya ngozi ni 10 hadi 15, tundu la sindano likitazama juu, na lazima uone kijivimbe chenye vinyweleo kama ganda la chungwa. Kisipotokea umeingia ndani mno. BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwa mtoto chini ya mwaka ni mililita 0.05. Tanzania tunachoma bega la kulia, Kenya mkono wa kushoto chini ya kiwiko, hivyo usishangae kovu likiwa upande mwingine kwa mtoto aliyevuka mpaka.

16. Kwenye msuli, nichome wapi?

Mtoto chini ya miaka miwili: paja, upande wa nje, theluthi ya katikati, isizidi mililita 1. Tako la mtoto huyo liache kabisa. Msuli bado ni mdogo na neva kubwa ya siatiki ipo karibu. Nimemwona mtoto aliyekuwa ameanza kutembea akiletwa anaburuta mguu baada ya sindano ya tako. Mama yake aliniuliza kama utapona, na sikuwa na jibu la kumpa.

Bega la mtu mzima: vidole viwili hadi vitatu chini ya mfupa wa juu wa bega, mililita 1. Ukipanda juu zaidi unaingia kwenye kiungo, ukishuka sana unakutana na neva.

Tako, robo ya juu ya nje, ndiyo iliyozoeleka, na ndiyo inayokosewa. Shida ni kwamba wengi hugawanya sehemu nyororo wanayoiona tu, kwa sababu mgonjwa ameshusha nguo nusu kwa haya. Weka pazia, mwombe ashushe vya kutosha, utambue mipaka halisi kwa mifupa. Mlaze kifudifudi, vidole vya miguu vikitazamana, msuli ulegee. Anayesimama ameukaza msuli, na akizimia ataanguka na sindano.

Ninapopata nafasi ninawafundisha ubavu wa nyonga badala ya tako, kwa kuwa hakuna neva kubwa wala mshipa mkubwa. Mgonjwa alale ubavu. Weka kiganja juu ya kile kichwa cha mfupa wa paja unachokigusa pembeni. Tumia mkono wa kulia kwa nyonga ya kushoto, wa kushoto kwa ya kulia. Kidole cha shahada kielekee ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, cha kati kitanuliwe nyuma kufuata ukingo wake. Choma katikati ya V hiyo. Fanyeni mazoezi ya kupapasa kwenye nyonga zenu wenyewe bwenini.

17. Nivute bomba nyuma kuangalia damu au nisivute?

Chanjo: usivute, inaongeza maumivu bila faida. Dawa nzito za tako, hasa penisilini ya muda mrefu (swali la 19): vuta kwa sekunde 5 hadi 10. Damu ikionekana, chomoa, tupa vyote, anza upya mahali pengine.

18. Nitapunguzaje maumivu?

Acha spiriti ikauke, choma haraka, sukuma polepole, karibu sekunde 10 kwa kila mililita. Kwa dawa inayouma au kuchafua ngozi, kama ya madini ya chuma, vuta ngozi pembeni sentimita mbili na nusu, choma, subiri sekunde 10, chomoa kisha achia. Mtoto mchanga anyonye wakati wa chanjo. Na usimdanganye mtoto mkubwa kwamba haiumi. Mwambie itauma kidogo kisha itaisha.

## Dawa za kuogopa kwa heshima

19. Benzathini penisilini ina nini hasa?

Ni maji mazito kama maziwa, na huenda kwenye msuli tu. Ikiingia kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo. Soma njia mara tatu, kwa sababu ile penisilini nyingine, ya fuwele, hupewa kwenye mshipa, na majina yanafanana. Dozi ya yuniti milioni 2.4 igawanywe matako mawili. Tumia sindano nene, ya kijani (geji 21), na uchome mara tu baada ya kuichanganya, la sivyo itaziba.

20. Seftriaksoni na atesunati zinachanganywa na nini?

Seftriaksoni gramu 1 kwa msuli huchanganywa na lignokeni ya asilimia 1, mililita 3.5. Mchanganyiko huo wenye ganzi usiingie kwenye mshipa kamwe. Kwa mshipa tumia mililita 10 za maji ya sindano. Usiipitishe pamoja na dripu ya Ringa Laktati wala dawa yoyote yenye kalsiamu.

Atesunati ya malaria kali, kichupa cha miligramu 60: weka kwanza mililita 1 ya bikaboneti iliyokuja nayo, tikisa mpaka iwe safi kabisa. Kwa mshipa ongeza mililita 5 za maji ya chumvi, upate miligramu 10 kwa mililita. Kwa msuli ongeza mililita 2, upate 20 kwa mililita. Dozi ni miligramu 2.4 kwa kilo, ila mtoto chini ya kilo 20 anapata 3 kwa kilo. Wengi hushangaa mdogo kupata zaidi kwa kilo; mwili wake unahitaji hivyo, usipunguze. Saa 0, 12, 24, kisha mara moja kwa siku. Itumike ndani ya saa moja baada ya kuchanganywa.

21. Chumba cha kuzalia nichunge nini?

Oksitosini yuniti 10 kwenye msuli wa mama ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, baada ya kupapasa tumbo na kuhakikisha hakuna pacha ndani. Vitamini K miligramu 1 kwenye paja la mtoto. Ampuli ya mama na ya mtoto zisikae trei moja. Imeshatokea duniani zaidi ya mara moja mtoto akachomwa dawa ya kubana kizazi.

22. Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba inanitisha. Hatua ni zipi?

Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 50 ina gramu 5. Yaani gramu 1 ni mililita 2. Dozi ya kuanzia kwenye mshipa ni gramu 4: vuta mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate 20, sukuma polepole kwa dakika 5 hadi 20. Kisha gramu 5 ndani kabisa ya kila tako, kila moja na mililita 1 ya lignokeni ya asilimia 2. Mililita 10 mahali pamoja ni nyingi kuliko kawaida. Ndiyo sababu ya ganzi, na dawa hii usiichukue kuwa kipimo cha nyingine. Baadaye ni gramu 5 kila saa 4, tako kwa kubadilishana.

Kabla ya kila dozi ya kuendeleza pima vitatu: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, mkojo umefika mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, usichome, ita daktari. Kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe imeshawekwa kando ya kitanda kabla hujaanza. Hutolewa taratibu kwenye mshipa pumzi ikizidiwa.

23. Potasiamu kloridi naweza kusukuma taratibu sana?

Hapana, hata taratibu. Huyeyushwa kwenye dripu, mfuko ukageuzwageuzwa vizuri, ukabandikwa lebo. Ikisukumwa moja kwa moja, moyo unasimama.

## Mgonjwa anapotaka jambo lake

24. Mgonjwa anakataa vidonge, anasema "nichome sindano nipone haraka".

Imani hii ni ya zamani nchini kwetu na ina sababu: wazee waliona penisilini ya sindano ikikausha vidonda vibaya. Usimcheke. Mweleze kwamba kwa anayeweza kumeza, vidonge vingi hufanya kazi ile ile bila hatari ya jipu au neva. Sindano iwe kwa anayetapika, aliyezidiwa, au dawa isiyo na njia nyingine.

25. Amefunga Ramadhani, anakataa dawa za mchana.

Usitoe fatwa na usilazimishe. Mpe taarifa daktari mapema, maana dawa za mara moja au mbili kwa siku mara nyingi zinaweza kuhamishiwa futari na daku. Anayetumia insulini asibadilishe chochote bila daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka alasiri akapoteza fahamu. Wagonjwa wengi wanajua kwamba Kurani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Wanachosubiri mara nyingi ni daktari kuwaambia wazi kwamba ugonjwa wao ni wa kiwango hicho.

## Mambo yakiharibika

26. Nimemaliza kuchoma, mgonjwa anavimba uso na kukosa pumzi.

Piga kelele ya msaada, usimwache. Acha dawa. Mlaze, miguu juu. Kama anahangaika kupumua mwache akae. Adrenalini ya 1:1,000 kwenye msuli wa paja kwa nje: mtu mzima mililita 0.5, mtoto wa miaka 6 hadi 12 mililita 0.3, chini ya hapo 0.15. Rudia baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Oksijeni na maji ya mshipa vifuate. Kama wewe bado mwanafunzi, kazi yako ni kujua adrenalini iko wapi kabla zamu haijaanza.

27. Nimejichoma na sindano ya mgonjwa.

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usitie jiki. Toa taarifa saa ile ile, hata kama ni usiku na inchaji ni mkali. Dawa za kinga ya VVU zianze haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72, zinywewe siku 28. Uwezekano wa kuambukizwa VVU ni karibu 3 kwa kila 1,000, lakini homa ya ini B kwa asiyechanjwa inaweza kufika 30 kwa kila 100. Ndiyo maana nawasihi mpate dozi zote tatu za chanjo ya homa ya ini B kabla ya kugusa wodi.

Wengi hujichoma wanaporudisha kifuniko. Usirudishe. Sindano na bomba viingie pamoja kwenye sefti boksi (boksi la kutupia sindano) iliyo mkononi mwako, nayo ifungwe ikifika robo tatu. Usiishindilie.

28. Nimetoa dawa isiyo yake. Hakuna aliyeona.

Nenda kwa mgonjwa kwanza: mpime, kaa naye. Kisha mwambie msimamizi na daktari dakika hiyo hiyo, taja dawa, dozi na saa, jaza fomu ya tukio. Dakika unazotumia kuogopa ni dakika ambazo dawa ya kuzuia ingeweza kufanya kazi. Wasimamizi wengine watakufokea. Mgonjwa bado anahitaji useme.

29. Jirani anajua nasoma uuguzi, ameleta ampuli nimchome nyumbani.

Mwambie hapana kwa upendo na umsindikize kituo cha afya. Tanzania, leseni ya uuguzi hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010, nawe bado unafanya kazi chini ya leseni ya msimamizi wako, wodini, si sebuleni. Nyumbani hakuna adrenalini ya swali la 26, hakuna sefti boksi, na hujui ampuli hiyo imekaa wapi. Akisema "ni ya vitamini tu", iangalie lebo pamoja naye, kisha mrudishie.